Gephi au igraph: ipi inaingiza mahusiano mengi bila kuyavuruga?

Karibuni tena. Leo tunazipima Gephi (programu ya kuchora mitandao) na igraph (kifurushi cha lugha ya R) kwa kazi moja tu: kuingiza mtandao wa kijamii wenye uhusiano zaidi ya mmoja kutoka kwenye orodha za viungo, yaani nani kaunganishwa na nani. Data ni zile za mtafiti David Krackhardt za 1987, mameneja 21 wa kampuni moja ya teknolojia Marekani: nani anamwomba nani ushauri, nani rafiki wa nani, nani anaripoti kwa nani.

Nimezifungua hapa kwenye skrini. Faili tatu, kila moja mistari 441, yaani 21 mara 21. Mstari wa kwanza: 1, 1, 0. Huyo ni meneja namba 1 na nafsi yake, na hiyo sifuri inasema hakuna kiungo. Sasa igraph haijui hilo! Inachukua safuwima mbili za mwanzo kama nodi (hapa, watu), zilizobaki inazifanya sifa za kiungo. Ukimwaga faili zote tatu hivyo hivyo, unapata viungo 1323 na kila mtu ni rafiki wa kila mtu, hata wa nafsi yake.

Kwa hiyo chuja sifuri kwanza. Kisha kila faili iongezee safuwima ya `uhusiano`, ndipo uziunganishe kwa `rbind`, inayopanga mistari ya faili moja chini ya nyingine, na ujenge mtandao:

`g <- graph_from_data_frame(viungo, directed = TRUE, vertices = mameneja)`

Hiyo `vertices`, orodha ya watu wote, msiiache. Orodha ya viungo haimjui mtu asiye na kiungo, anapotea kimyakimya. Na jina likikosewa, mathalani "07" badala ya "7", igraph inagoma papo hapo. Afadhali igome.

Andika `ecount(g)`, inayohesabu viungo. Ushauri 190, urafiki 102, kuripoti 20 (bosi mkuu, namba 7, haripoti kwa yeyote): lazima isome 312. Ikisoma pungufu, shuku `simplify()`. Watu huiita kuondoa vitanzi (viungo vya mtu na nafsi yake), kumbe kwa kawaida yake inafuta pia viungo pacha (zaidi ya kimoja kati ya watu wale wale), na viungo pacha ndiyo data yenyewe.

Gephi je? Inataka CSV (jedwali la maandishi) yenye Source (anayeanzia), Target (anayefikiwa) na Kind (aina ya uhusiano). Wengi hawaijui Kind. Bila hiyo, dirisha la kuingiza limeshachaguliwa Sum (kujumlisha viungo pacha), basi rafiki ambaye pia ni mshauri anageuka mstari mmoja mnene wenye uzito 2, na huwezi tena kuutenganisha. Excel nayo ikihifadhi kwa nukta-mkato, utaona kila kitu kimerundikana safuwima moja. Badilisha kitenganishi hapo hapo.

Mimi nasafishia igraph, nachorea Gephi. Rangi za viungo Gephi inazipanga kwa kubofya mara chache, na R kwa kuchora bado inachosha.