TAHADHARI: Anakuuzia "sensa mpya" tano za matairi, kumbe amejaza tairi la spea upepo tu

Wenzangu wa Minneapolis na vitongoji vyake, hasa nyinyi mliofika juzi na mnatafuta gari la kwanza. Kuna jamaa anauza magari yaliyotumika na kuyatengeneza uani kwake. Kiswahili chake kitamu, atakuita ndugu kabla hajajua jina lako, na kwa sababu hiyohiyo sisi tunamwendea badala ya kwenda dukani. Jina lake siliweki hapa. Ujanja wake nitauweka wote.

Mimi nilinunua kwake Toyota 4Runner ya 2012, mwezi wa Septemba. Novemba, asubuhi ya kwanza ya baridi ya kweli, ikawaka ile taa ya njano inayofanana na chungu kilichokatwa, ndani alama ya mshangao. Nikajua ni tairi. Nikapima zote nne, nikaziongeza presha hadi psi 33 (psi ndicho kipimo cha presha ya tairi). Taa palepale. Nikaendesha siku mbili, palepale.

Nikampigia. Hakuuliza hata swali moja. "Hizo ni sensa, ndugu. Betri zimekufa. Ikifa moja, zingine zinafuata, bora ubadilishe zote tano." Sensa ni vile vifaa vidogo vya betri ndani ya tairi, vinavyopima presha na kuijulisha kompyuta ya gari. Dola 90 kila moja, jumla 450, bei ya mtu wa nyumbani. Nikapeleka gari, akaniambia niingie ndani ninywe chai, nje kuna barafu. Chai ilikuwa nzuri, sitamnyima haki yake. Dakika ishirini baadaye akaniita. Akaniingiza kwenye gari, akabonyeza kitufe kilicho chini ya usukani, taa ikapepesa mara tatu, ikazimika. Nikalipa taslimu. Risiti? Unamwomba ndugu risiti?

Februari taa ikarudi. Safari hii nilikuwa na miadi ya kubadilisha matairi kwenye duka kubwa, kwa hiyo nikamweleza kijana wa pale kwamba sensa ni mpya kabisa. Akachukua kifaa cha kusoma sensa, akazunguka gari, mwisho akalala chini nyuma na kukielekeza kwenye spea. Sensa zote tano zikajibu. Tairi nne zilikuwa sawa. Spea ilikuwa na psi 17.

Alipovua matairi akaniita nione mwenyewe. Ndani mlikuwa na sensa zilezile za kiwandani, zimejaa vumbi la miaka. Hakuna mtu aliyewahi kuzigusa.

Hapo ndipo nilipoelewa dakika ishirini zilikuwa za nini. Ili kubadilisha sensa lazima uvue gurudumu, uliachanishe tairi na rimu, ufunge sensa, ulirudishe, ujaze upepo na ulipime uwiano upya. Mara tano! Tena kila sensa ina namba yake, na gari lazima lifundishwe namba hizo kwa kompyuta inayochomekwa chini ya dashibodi, isipokuwa kama sensa mpya zimenakiliwa namba za zile za zamani. Yeye hakuchomeka chochote. Alilala chini ya gari langu na mpira wa kompresa, akajaza spea, basi.

Ninachojilaumu ni kwamba taa yenyewe ilikuwa inaniambia ukweli tangu mwanzo. Taa hiyo ikiwaka na kutulia, maana yake kuna tairi limepungua presha, na sensa inafanya kazi yake. Betri ikifa au mfumo ukiharibika, taa hupepesa kwanza kwa kama dakika moja kila unapowasha gari, halafu ndipo inatulia. Yangu haikupepesa hata siku moja. Na taa ya 4Runner ya miaka ile haikuambii ni tairi lipi. Wengi wetu hatujui kwamba la tano linapimwa pia. Sheria ya Marekani, inayotaka magari madogo yote kuanzia toleo la 2008 yawe na mfumo huu, haidai spea ipimwe. Toyota waliweka sensa ya tano wenyewe kwenye baadhi ya magari yao, 4Runner na Tacoma zikiwemo. Spea yenyewe imening'inia kwa mnyororo chini ya buti, inanyeshewa maji ya chumvi ya barabarani msimu mzima, na baridi nayo inanyonya kama psi 1 kila joto likishuka nyuzi 5 au 6 za Selsiasi. Nani analala kwenye theluji kuipima?

Yangu ilikuwa inavuja polepole kwenye mpira ulio chini ya valvu. Kijana akaweka mpira mpya, nati na kifuniko. Dola 8.

Ningenyamaza, hela zimekwenda, ila kuna mama tunayesali naye kanisa moja. Naye alinunua Tacoma kwa mtu huyohuyo, taa haijawahi kumsumbua. Mwezi uliopita tairi la nyuma liliisha upepo akiwa barabara kuu ya 94, taa kimya. Tulipofungua matairi yake hamkuwa na sensa hata moja, valvu za kawaida tu. Sensa tano tulizikuta nyuma ya kiti, ndani ya kipande cha bomba la PVC kilichozibwa pande zote na kujazwa upepo. Gari lilikuwa linasoma presha ya bomba! Sheria ya nchi hii inakataza muuzaji au makanika kuzima kwa makusudi kifaa cha usalama namna hiyo.

Kujua kama gari lako lina bomba, kuangalia taa ukiwasha ufunguo hakutoshi, kwa sababu itawaka na kuzimika vizuri kabisa. Punguza tairi moja hadi psi 22 hivi, subiri dakika chache, zungusha gari mtaani taratibu. Taa isipowaka, una tatizo. Jaza tena kabla ya kwenda mbali.

Ukikuta bomba, usilikate wala kuligonga. PVC iliyojaa upepo hupasuka kama kioo. Lipige picha lilipo, kisha niandikie inboksi. Mimi na huyo mama tunaandika malalamiko kwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo, na tunataka kuyapeleka tukiwa zaidi ya wawili.