Kalenda ya Google wakati wa likizo ya kiangazi: tathmini kwa wazazi wenye kazi na watoto wenye ratiba

Likizo ndefu ikianza, mzazi anayefanya kazi hujikuta na ratiba nne zinazogongana: yake ya kazini, ya mwenzake, na moja kwa kila mtoto. Shule iliwashika watoto wote mahali pamoja mpaka alasiri. Sasa mmoja ana kuogelea asubuhi, mwingine ana mazoezi ya mpira jioni, na katikati kuna kikao kisichoahirishika. Kalenda ya Google ni ya bure, inafanya kazi kwenye Android, iPhone na kivinjari cha kompyuta, na imekuwepo tangu 2006. Kwa kazi hii tunaipendekeza bila kusita, kwa sharti moja: ipangwe upya kabla likizo haijaanza. Ukiitumia kama ilivyokuja, utaona saa za vipindi vya watoto lakini hutaona safari za kwenda na kurudi, na safari hizo ndizo zinazovuruga siku.

Anza na kalenda zenyewe. Tengeneza kalenda moja kwa kila mtoto badala ya kuwarundika wote kwenye kalenda moja. Kila kalenda ina rangi yake, unaweza kuificha kwa mguso mmoja, na unaweza kumshirikisha mtu mmoja bila kumfungulia mambo mengine ya nyumbani. Ukiunda kikundi cha familia, Google hukutengenezea kalenda ya familia papo hapo, na wote waliomo, wasiozidi 6, wanaweza kuibadilisha. Hiyo inafaa kwa safari za pamoja na wageni wanaokuja. Kwa vipindi vya mtoto mmoja mmoja, kalenda tofauti zinashinda kwa mbali, hasa pale bibi au mlezi anapomhudumia mmoja tu kati ya watoto.

Kushirikisha kuna ngazi nne: kuona tu kama una nafasi au huna, kuona maelezo yote ya matukio, kubadilisha matukio, na kubadilisha pamoja na kusimamia nani ameshirikishwa. Wazazi wapeane haki ya kubadilisha matukio. Mlezi apewe ya kuona maelezo yote. Fanya hivyo kwenye kompyuta, maana mipangilio yote iko wazi huko. Uliyemshirikisha hupokea barua pepe yenye kiungo, na asipokibofya, kalenda haijiongezi upande wake. Hapa ndipo malalamiko mengi ya “mbona mimi sioni kitu” yanapoanzia: barua imeingia kwenye taka, au mtu ameifungua akiwa ndani ya akaunti yake ya kazini. Anayetumia programu ya kalenda iliyokuja na iPhone ana hatua ya ziada. Afungue calendar.google.com/calendar/syncselect kwenye kivinjari na kuweka alama kwenye kila kalenda aliyoshirikishwa, la sivyo ataona yake tu.

Sasa safari. Chukua kipindi cha kuogelea kinachoanza saa 3:00 asubuhi na kuisha saa 3:45. Kwenye skrini kinachukua dakika 45, kwa hiyo kikao cha saa 4:00 kinaonekana kuwa na robo saa ya kupumua kabla yake. Hesabu ya kweli ni hii: dakika 20 za njiani, 10 za kubadili nguo na kutafuta miwani ya kuogelea, 45 za kipindi, 15 za kuoga, kukausha nywele na kukusanya vitu, kisha 20 za kurudi. Anayempeleka mtoto na kumsubiri anatoka nyumbani saa 2:30 na kuingia tena saa 4:20. Hizo ni dakika 110. Kikao kimeshaanza bila yeye, na kalenda haikuonyesha mgongano wowote.

Kalenda ya Apple ina sehemu ya kujaza muda wa safari ndani ya tukio. Ya Google haina, na kwa wazazi hili ndilo pengo lake kubwa. Wengi hujaribu kuliziba kwa kurefusha tukio lenyewe, wakaandika “Kuogelea 2:30 hadi 4:20”. Usifanye hivyo. Ukirefusha, saa halisi ya kuanza inapotea, na mtu mwingine akitakiwa kwenda kumchukua mtoto hajui kipindi kinaisha saa ngapi. Weka matukio matatu: kumpeleka, kipindi chenyewe, kumchukua. Ni kazi ya ziada mara moja tu, maana yote matatu yanajirudia kila wiki ukishayaweka. Na yakitengana, kumpeleka kunaweza kuwa kwa mzazi mmoja na kumchukua kwa mwingine, jambo ambalo tukio moja refu haliwezi kulionyesha.

Jina la anayehusika liwe mwanzoni mwa kichwa cha tukio: “Mama – kumpeleka bwawani”, si “Kumpeleka bwawani (Mama)”. Kwenye simu, mwonekano wa wiki hukata kichwa baada ya herufi chache, na kinachokatwa ni cha mwisho. Kisha mwalike mhusika kwa barua pepe yake ndani ya tukio hilo. Mwaliko una majibu ya ndiyo, hapana au labda, na jibu lake linaonekana kwenye tukio. Kalenda ya mtoto inasema kuna safari. Jibu la “ndiyo” linasema safari hiyo ina mwenyewe. Nyumba ambazo hazifanyi hivi huishia na mtoto aliyesimama getini wakati kila mzazi anadhani mwenzake yuko njiani.

Arifa nazo zina mtego wake, na huu wengi hawaujui. Arifa unazoweka kwenye kalenda iliyoshirikishwa ni zako peke yako. Ukijiwekea ukumbusho wa dakika 30 kabla, simu ya mwenzako haitalia. Kila mtu aingie kwenye mipangilio ya kila kalenda ya mtoto na kuchagua arifa zake mwenyewe. Tukio moja linabeba arifa 5 kwa wingi, na ya mapema kabisa inaweza kuwa wiki 4 kabla. Kwa tukio la kumpeleka mtoto, mbili zinatosha: saa moja kabla, kwa ajili ya kufunga mkoba, na dakika 10 kabla ya kutoka. Ile ya dakika 30 ambayo Google hukupa kwenye kalenda yako kuu haisaidii sana hapa: imechelewa kwa mkoba, na ni mapema mno kwa kutoka.

Tena, arifa ya kalenda si alamu. Ukiwa kwenye kikao na simu umeizima sauti kwa hali ya usinisumbue, arifa itatokea kimya na kufunikwa na nyingine. Kwa saa ya kumchukua mtoto, weka alamu kwenye programu ya saa ya simu. Alamu hulia hata hali hiyo ikiwa imewashwa, kwenye iPhone na, usipobadilisha mipangilio, kwenye Android pia. Wenye Android waangalie na uokoaji wa betri: ukiibana programu ya kalenda, arifa huchelewa. Iondolee kizuizi hicho kwenye mipangilio ya programu.

Neno moja kuhusu saa. Kipindi cha saa 3:00 asubuhi kwenye programu ni 9:00, na ukiandika 3:00 kwa haraka, programu itakipeleka alfajiri au alasiri. Weka mfumo wa saa 24 kwenye simu na kwenye mipangilio ya kalenda ya kompyuta. 09:00 na 15:00 hazichanganyiki.

Upande wa kazini unataka uangalifu zaidi. Wenzako wanapotafuta nafasi yako kwa ajili ya kikao, wanaangalia kalenda yako kuu ya akaunti ya kazini. Kalenda za watoto hawazioni, hata kama wewe unaziona zote juu ya skrini moja. Kwa hiyo kila tukio la kumpeleka na kumchukua lipate pacha wake kwenye kalenda ya kazini, lenye kichwa kifupi kama “Sipo”, likiwa limewekwa kuwa huna nafasi na likijirudia kwa kipindi chote cha likizo. Usiandike jina la mtoto wala mahali alipo. Usijaribu kinyume chake pia, yaani kuweka vipindi vya watoto kwenye kalenda ya kazini na kumshirikisha mwenzako, kwa sababu wasimamizi wa akaunti za kazini wanaweza kuzuia watu wa nje wasione zaidi ya kuwa una nafasi au huna.

Kambi nyingi za likizo na vilabu hutoa ratiba kwa faili la ics, yaani faili la matukio ya kalenda, au kwa kiungo. Hivi viwili vina tofauti kubwa. Faili ukiliingiza linabaki kama lilivyo. Kambi ikisogeza saa, wewe hujui. Kiungo ukikiongeza kupitia kivinjari cha kompyuta, mabadiliko yanakufuata, lakini yanaweza kuchukua hadi saa 12 kuonekana. Ni sawa kwa ratiba ya wiki ijayo. Kwa mazoezi yaliyovunjwa asubuhi hii kwa sababu ya radi au joto kali, hayafai kabisa, na taarifa hizo huja kwa ujumbe wa kocha kwenye simu. Wekeni kanuni: aliyeusoma ujumbe kwanza ndiye anayebadilisha tukio, hapo hapo.

Anapobadilisha au kufuta tukio linalojirudia, programu humuuliza kama ni tukio hili tu, hili na yanayofuata, au yote. Akifuta kwa haraka ya asubuhi na kidole kikigusa “yote”, mazoezi ya msimu mzima yanafutika kwa kila aliyeshirikishwa. Yanarudishika: fungua kalenda kwenye kompyuta, ingia kwenye tupio la kalenda hiyo, na yatakuwepo kwa takriban siku 30.

Vitu vya kubeba viandikwe kwenye maelezo ya tukio la kumpeleka: taulo, chupa ya maji, kofia, nguo za akiba, mafuta ya kukinga jua. Mafuta hayo hupakwa dakika 15 kabla ya kutoka juani na kurudiwa kila baada ya saa 2 na baada ya kutoka majini, kwa hiyo kwa mtoto wa kambi ya siku nzima andika pia nani wa kumpaka mchana. Usiiweke orodha hii kwenye Majukumu, sehemu ya kazi za kufanya iliyomo humo humo kwenye kalenda. Inaonekana nadhifu, ila majukumu unayaona wewe tu. Anayefunga mkoba hayaoni.

Watoto wasio na simu wanabaki nje ya haya yote, na hilo ni kosa la mpangilio, maana mtoto wa miaka 7 anayejua kwamba leo ni kuogelea hutafuta miwani yake mwenyewe. Kila Jumapili jioni fungua mwonekano wa wiki kwenye kompyuta, ficha kalenda ya kazini, ongeza ukubwa wa maandishi kwenye dirisha la kuchapisha, na uchapishe kwa rangi ili kila mtoto aifuate rangi yake. Bandika karatasi kwenye kimo cha macho yake, mlangoni anapovalia viatu.