Fundi wa kabureta Nakuru: anasoma sindano kwanza

Wenye Morris Minor, Mini na MGB za zamani walio Nakuru, yuko mzee mmoja upande wa Bondeni. Bango hana. Ulizia tu mzee wa kabureta.

Langu ni Morris Minor 1000, injini ya cc 1098, kabureta (kifaa cha kuchanganya petroli na hewa) moja ya chapa ya SU, aina ya HS2. Plagi zilikuwa nyeusi tititi, na likipanda Mau Summit nyuma ni moshi mtupu. Gereji nilizokwenda awali dawa yao ilikuwa moja: kuzungusha nati iliyo chini ya jeti, kile kitundu cha kupitishia petroli. Likisimama linanguruma vizuri, ukikanyaga mafuta shida iko palepale.

Mzee nati hakuigusa. Alitoa pistoni ya kabureta (si ya injini), akalegeza skrubu ya ubavuni, akachomoa sindano na kuipangusa kwa pindo la shati. "Soma hapo, kijana." Herufi zimepigwa kwenye shina lake. Gari hili kiwandani hutoka na sindano yenye herufi AN. Hii ilikuwa ya gari lingine kabisa.

Sindano huning'inia kwenye pistoni ikiingia ndani ya jeti, na hupungua unene kuelekea nchani. Sehemu iliyo karibu na bega, pale shina linapoishia, hupima petroli injini ikinguruma tu, ya katikati ni ya mwendo wa kawaida, na ncha ni ya kukanyaga hadi mwisho. Sindano mbili zinaweza kulingana begani zikaachana katikati. Nati inashusha au kupandisha jeti tu, umbo la sindano haibadilishi. Ndiyo maana pesa zangu zilikuwa zikienda bure.

Pia kuna sindano za springi, zinazolalia upande mmoja wa jeti. Usidanganywe uichomeke kwenye pistoni ya sindano iliyokazwa. Tundu lake si hilo.

AN aliikaza bega likiwa sawasawa na uso wa chini wa pistoni, kisha akaiweka jeti katikati kwa subira kubwa, akiinua pistoni na kuiachia mpaka ikatua na kulia "tak". Injini ilipowaka akaiinua pistoni kidogo tu: mngurumo ukipanda na kubaki juu, petroli imezidi, ikitaka kuzima, imepungua. Ilipanda kidogo ikatulia. Akauliza kama huwa nateremka Kisumu, maana Nakuru iko mita 1,850 hivi na hewa ni nyepesi. Ukibana mafuta sana huku, kule chini gari litakosa nguvu.

Lawama ninazo. Simu hashiki, Jumamosi foleni ni ndefu, na sindano haweki. Yangu niliagiza Burlen, Uingereza, wanaotengeneza vipuri vya SU hadi leo. Kazi alinitoza shilingi 2,500, na sioni kama ni ghali. Nenda katikati ya wiki, asubuhi, na ubebe sindano yako mkononi.