Nilikodi pikipiki ya magurudumu manne, Kigoma

Jumamosi nilimpeleka mtoto wa kaka yangu, miaka 13, kuendesha pikipiki za magurudumu manne upande wa Katonga. Kijana anayekodisha hakutukabidhi funguo papo hapo. Alitukalisha nusu saa chini ya mchikichi, akatuvalisha helmeti, akaikaza mikanda kwa mkono wake. Mtoto alikuja na kandambili. "Samahani mama, huyu hapandi bila viatu." Tukarudi Mwanga kuvifuata, na nilimshukuru.

Mtoto alipewa ile ndogo, mwendo wake umefungwa usizidi kiwango.

Somo la mlima ndilo lililonigusa. Ukipanda, inama mbele. Ukishuka, rudi nyuma kwenye kiti, gia ndogo, breki taratibu. Ukikatiza mteremko, uzito wako uegemee upande wa juu, la sivyo chombo kinakubingirikia. Kwenye ule udongo mwekundu uliolowa nilihisi gurudumu la juu likinyanyuka. Nikaegemea kama alivyosema, likatulia.

Niliomba tupite lami hadi Ujiji, akakataa. Matairi yale mapana yenye upepo kidogo ni ya udongo. Kwenye lami yanang'ang'ania, na kona moja ya kasi inatosha kukupindua.

Nampa nne kati ya tano. Moja nimeipunguza kwa sababu mwenzake aliruhusu wateja wawili kupakiana kwenye kiti cha mtu mmoja. Abiria pale nyuma hana pa kushika, na dereva hawezi tena kuhamisha uzito wake. Nilimwambia, akawashusha.