Taa Nyekundu Ukutani, Lawama kwa Linux Yangu

Kwa muda mrefu nilikuwa nikiwashauri majirani zangu hapa Dar es Salaam wajiunge na kampuni inayoniletea intaneti ya nyumbani, lakini tangu yaliyonikuta miezi michache iliyopita nimeacha kabisa.

Jioni moja mtandao ulikatika, na kwenye kisanduku cha ukutani taa ya LOS ikawa inawaka nyekundu, maana yake mwanga haufiki kupitia waya wa faiba. Nilipiga simu huduma kwa wateja, na dada aliyepokea akanitaka nibofye Start kisha nifungue Control Panel. Nilimweleza kwa upole kwamba natumia Ubuntu, mfumo endeshi wa aina ya Linux badala ya Windows, na kwamba hata simu zote za humu ndani hazina mtandao. Akanijibu: "Kaka, hiyo Linux ndiyo inayoleta shida. Weka Windows kwanza, halafu utupigie."

Fundi aliyekuja kesho yake aliona dirisha jeusi la amri kwenye kompyuta yangu, akaniuliza mbele ya mke wangu kama mimi ni mdukuzi, akaandika kwenye fomu "kompyuta ya mteja haifai", akaondoka bila kugusa waya. Maneno yale yaliniuma mno. Kijitabu kilichokuja na ruta yao kimeandikwa waziwazi kwamba ndani yake mna kerneli, yaani kiini cha mfumo, ya Linux chini ya leseni huria ya GPL, na simu ya Android aliyokuwa ameishika inaendeshwa na kerneli hiyo hiyo.

Siku ya tano alikuja fundi mwingine, mtu mzima, ambaye hakuuliza habari za kompyuta. Alitazama taa, akasogeza kabati, akaukuta waya umebanwa ukutani na kukunjika kama kiwiko. Aliunyoosha, taa ikazimika, na Ubuntu ikapewa anwani ya mtandao na ruta papo hapo bila mimi kusakinisha chochote. Nilimshukuru kwa dhati, na kwa ajili yake nilikusudia kutoa nyota tatu, kwa sababu mtandao wenyewe ukiwapo una kasi nzuri.

Hata hivyo, nilipoomba nifidiwe siku hizo tano nilizokwisha kuzilipia, nilisomewa fomu ile ile: kompyuta ya mteja haifai. Basi nyota ni moja, nayo ni ya yule mzee aliyesogeza kabati.