Laki tisa za chuo cha akupancha, na kibakuli kimoja cha spiriti

Naandika baada ya kutulia, maana ningeandika jioni ile ile ningetukana. Na bado kutulia kwenyewe ni kwa kujikaza.

Mimi ni nesi hapa Dar, kazini miaka kumi na kitu. Tiba ya sindano za Kichina, yaani akupancha, sikuiona juzi kwenye simu. Shangazi yangu wa Unguja alichomwa na madaktari wa Kichina pale hospitali ya Mnazi Mmoja kwa ajili ya mgongo, na kule Wachina wako tangu 1964, kwa hiyo kwetu si jambo la ajabu. Shangazi aliingia ameinama, baada ya wiki kadhaa akawa anakuna nazi mwenyewe. Labda ni sindano, labda ni kupumzika, sibishani na mtu. Mimi nilichotaka ni kusoma kitu hicho vizuri, nisajiliwe na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala kama sheria ya mwaka 2002 inavyotaka, nikistaafu niwe na kichumba changu, kitanda kimoja, sufuria ya chai pembeni.

Nikaona tangazo. Stashahada ya akupancha, miezi sita, Jumamosi tu, cheti kinatambulika kimataifa. Hapo ndipo nilipaswa kushtuka. Stashahada ya uuguzi nimeila miaka mitatu, leo ya kuchoma watu mwili mzima nitaipataje kwa Jumamosi? Lakini mtu ukishataka kitu, akili inakaa kando. Nikarusha awamu ya kwanza siku hiyo hiyo. Jumla laki tisa, awamu tatu.

Chuo ni vyumba viwili juu ya duka la vipuri, jina silitaji. Choo kinafungwa kwa kufuli na ufunguo anao mama wa mapokezi, ambaye Jumamosi hafiki kabla ya saa nne. Hayo nasamehe.

Nianze na kizuri, nisije nikaonekana nina roho mbaya. Mwalimu wetu mkuu alikuwa mzee mmoja Mtanzania aliyesomea China miaka ile ya zamani. Shikamoo yake unaitoa kwa moyo. Siku ya kwanza hakugusa sindano kabisa. Alitupanga wawili wawili akatuambia tutafute Zusanli, ile nukta ya kuchoma ya mguuni: vidole vinne chini ya kishimo cha nje cha goti, kisha upana wa kidole kimoja kutoka kwenye ukingo wa muundi. Mimi haraka haraka nikapima kwa vidole vyangu. Akanipiga kikonzi chepesi cha mkono. "Mguu wa nani huo? Basi pima kwa mkono wa mwenye mguu." Mwenzangu alikuwa kijana wa miraba minne, vidole kama ndizi mzuzu. Tulipopima kwa mkono wake, alama ikashuka mbali kabisa na niliyoweka mimi. Miaka yote nimepima watu kwa vifaa vya hospitali, sikuwahi kufikiri kwamba mtu anatembea na rula yake mwenyewe.

Wiki zilizofuata tulichoma machungwa, tukachoma pamba iliyokazwa kwa uzi, kisha tukajichoma wenyewe. Hegu, pale kati ya dole gumba na cha shahada, iliponishika vizuri nilihisi mkono umejaa na kuwa mzito mpaka kiwiko. Mzee akacheka, akasema ndiyo hiyo unayoitafuta, bila hiyo umetoboa ngozi tu. Na alitukataza tusimguse mjamzito hapo, wala Sanyinjiao juu ya kifundo cha mguu. Tulipofika Jianjing, ya begani, alituagiza wote tusimame, akasema taratibu kabisa: chini ya hapa kuna ncha ya pafu. Hakuongeza neno. Darasa zima tulishika mabega yetu.

Kwa huyo mzee peke yake ningewapa nyota tano. Ningewapa.

Sasa twende kwenye kibakuli.

Ilikuwa miezi ya mwisho mwisho, siku ya vitendo. Walikuja watu wa mtaani kutibiwa bure, wengi wazee wenye magoti. Aliyesimamia ni msaidizi wa mkurugenzi, kaka mmoja mwenye koti jeupe lenye jina lililotariziwa na saa kubwa. Kundi la kwanza likachoma, likachomoa. Nasubiri nione zile sindano zinaingia kwenye kile kisanduku cha njano cha taka zenye ncha kali, kwa sababu kwangu mimi hilo halina mjadala, mkono unakwenda wenyewe. Kisanduku hakipo. Kaka akazikusanya zote akazitumbukiza kwenye kibakuli cha chuma chenye spiriti, akazikoroga kwa koleo kama mtu anayeosha dagaa, akasema, "Kundi la pili, karibuni."

Nikadhani sijaona vizuri. Nikauliza, kwa adabu kabisa: "Kaka, sindano mpya ziko wapi?"

"Hizo hapo."

"Hizo zimetoka kwa watu."

Akanitazama kama mtu anayemfundisha mtoto. "Hizi hazina tundu, sista. Damu haikai ndani."

Jamani. Hazina tundu! Sindano ya kushonea vidonda nayo haina tundu la kupitisha damu, waulize manesi wa thieta kwa nini wakijichoma nayo wanakimbizwa kupimwa homa ya ini na virusi vya UKIMWI. Spiriti si otokilevu, ile mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke. Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua. Sindano hizi zinatengenezwa zitumike mara moja zitupwe, pakiti tulilipia sisi wenyewe kwenye awamu ya pili, elfu themanini ya vifaa, risiti ninayo!

Nikasema mimi sichomi. Akapaza sauti wote wasikie: "Sista, hapa si wodini. Ukitaka mambo ya wodini, rudi wodini." Wanafunzi wakacheka. Si wote, lakini walicheka. Bibi mmoja aliyekwisha kunja gauni mpaka magotini akaniuliza, "Mwanangu, kuna nini?" Nikamwambia bibi, shusha gauni, twende nikupeleke kituoni. Tukashuka ngazi wawili. Nauli ya bodaboda nikamlipia mimi.

Nikiwa kwenye ngazi nikageuka. Mzee wetu alikuwa amesimama dirishani. Alikuwepo muda wote. Hakusema kitu.

Hapo ndipo zile nyota tano zilipoanguka. Yule kaka simjui na simtaki, lakini mzee aliyetusimamisha kwa sababu ya pafu, ameonaje kile kibakuli akanyamaza? Usiku alinipigia. Akasema, "Mwanangu, umefanya vizuri." Badala ya kufurahi nikawaka zaidi. Kama nimefanya vizuri, wewe ulikuwa unafanya nini dirishani? Sikumwuliza. Mtu mzima yule. Akaongeza kwamba hajalipwa miezi mitatu na ana mjukuu anayesoma. Sasa hapo nami niseme nini?

Jumatatu yake nikafanya nilichopaswa kufanya kabla ya kurusha hela: nikauliza namba ya usajili wa chuo NACTVET, lile baraza la taifa linalosajili vyuo vya ufundi. Majibu: "iko kwenye mchakato." Cheti kinachotambulika kimataifa, nyumbani bado kiko kwenye mchakato. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1999 unazungumzia saa 2,500 kwa mtu asiye daktari anayetaka kuwa mtaalamu kamili wa sindano hizi, na 1,000 kati ya hizo ziwe za vitendo. Sisi ni saa nne kila Jumamosi, mvua ikinyesha tatu, mkurugenzi akiwa na kikao mbili. Nikapiga hesabu: kwa mwendo huo, bila kukosa hata Jumamosi moja, ningefika saa 2,500 baada ya miaka kumi na miwili. Ningekuwa nimestaafu kweli.

Kwa hiyo msiende. Au ngoja. Kama mna mtu mnayemjua aliyesomea hii kazi kikamilifu, mfuateni yeye, kaeni naye, mguse miguu ya watu mpaka vidole vijue. Mimi vidole vyangu vinajua kidogo sasa, siwezi kudanganya. Juzi kwenye daladala ya Mbagala dada mmoja alikuwa anataka kutapika, nikamshika mkono nikambonyeza Neiguan, juu ya kifundo, kati ya zile kano mbili. Bila sindano, kidole tu. Akatulia mpaka tukafika. Akaniuliza, "Wewe ni daktari wa Kichina?" Nikacheka, lakini iliniuma.

Mzee nimemwambia akipata chumba chake, akaweka kile kisanduku cha njano mlangoni nikione kwanza, nitakwenda. Hajajibu. Sijui kama nitakwenda kweli. Kuna siku nasema ndiyo, kuna siku nakumbuka dirisha.

Hela sijarudishiwa. Jana nimepokea ujumbe wa chuo: "Ndugu mhitimu mtarajiwa, kumbuka kulipia joho, sh. 50,000/=, mahafali yamekaribia."

Joho!