TAHADHARI: Hilux nyeupe inayozungushwa Mafiati na Uyole, usitoe hela

Ndugu zangu wa Mbeya, hasa mnaotafuta pikapu ya kubebea viazi, naomba msome hadi mwisho kabla hamjafungua pochi.

Kuna Hilux nyeupe, kebini moja, namba ya usajili ya herufi C, nyuma imefungwa mabomba, kioo cha mbele kina ufa upande wa abiria. Bei milioni 17. Mwenyewe anaizungusha Mafiati, Mwanjelwa na Uyole.

Gari ni nzima, na hiyo ndiyo hatari yake. Nilikwenda na fundi wangu, akalala chini kutazama kama chesi imechomelewa, akasugua kutu karibu na tairi la mbele la kulia tukaisoma namba, akawasha injini ikiwa ya baridi. Namba ya chesi na ya injini zote zinalingana na kadi ya gari. Jina kwenye kadi ni la muuzaji, na kitambulisho cha NIDA kweli ni chake. Nikaogopa wengine wataniwahi. Nikatoa milioni 3 za kishika uchumba, tukaandikishana kwenye karatasi ya daftari.

Kesho yake nikaenda TRA kuulizia kubadilisha umiliki. Nikaambiwa kadi ile imetolewa miezi michache iliyopita, baada ya mwenye gari kupeleka ripoti ya polisi kwamba ya kwanza imepotea.

Kadi ya kwanza haijapotea. Dalali mmoja wa Mafiati alinipeleka hadi ilipo: kwa mkopeshaji, hapa hapa mjini. Imewekwa dhamana, na marejesho yamesimama. Nimeiona kadi, nimeuona na mkataba wa mkopo. Mkopeshaji naye anaitafuta gari hiyo hiyo aikamate. Simu ya muuzaji tangu siku ile haipatikani.

Tumezoea kuogopa kadi bandia, lakini hii imetoka TRA kabisa. Kwa hiyo usiridhike namba zikilingana. Muulize muuzaji kama kadi ni ya kwanza au imetolewa upya, kisha nenda naye TRA kabla hata ya shilingi moja kutoka. Akisema ana haraka, anakwenda kumuuguza mzazi (mimi niliambiwa hivyo), mwache aende. Ikiwa ni kadi ya pili, ulizia mtaani kwake na kwa madalali kama gari ina mkopo. Mkataba uandikwe kwa wakili, hela ipite benki. Na faini za barabarani ziangalie kwenye mfumo wa polisi kwa namba ya gari, maana nazo watu wanarithishwa.

Mpaka jana tumefahamiana watu watatu tuliolipia gari hii moja. Mmoja ni mama wa Uyole aliyetoa hela ya mavuno yake yote. Tumeshafungua jalada polisi na RB (namba za taarifa) tunazo. Kama nawe umelipa, nenda kituoni na karatasi mliyoandikishana, uombe maelezo yako yaunganishwe na yetu.